Sayansi kwa vitendo Nakivale na Mbarara: kwa nini vifaa pekee havitoshi

Tangu mwaka 2020, mtaala wa sekondari nchini Uganda unamtaka mwanafunzi ajifunze sayansi kwa kutenda, wala si kwa kunakili ubaoni. Kwa watoto wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao wengi huzungumza Kiswahili nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza darasani, mabadiliko hayo yameleta tumaini na maswali mapya.

Vidokezi muhimu

• Asilimia 20 ya alama za cheti cha mwaka wa nne wa sekondari (UCE) sasa hutokana na kazi za shuleni, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa mwisho.
• Majaribio mengi ya msingi yanaweza kufanywa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani na sokoni, lakini si yote.
• Utafiti unaonyesha kwamba kutenda bila kujadili hakumfikishi mwanafunzi mbali. Mjadala nao huhitaji lugha anayoimudu.

Nakivale ni wapi, na nani husoma huko?

Makazi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Leo yanahifadhi zaidi ya watu laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Baadhi ya wasikilizaji wetu wamepitia huko kabla ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na wengi wana ndugu ambao bado wako huko.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia, na shule za eneo hilo huwapokea watoto wa wakimbizi pamoja na wa wenyeji. Hivyo darasa moja laweza kuwa na mtoto aliyeanza shule Bukavu, mwingine Bujumbura, mwingine Mogadishu, na jirani yao Mnyankole ambaye babu yake alizaliwa Isingiro. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia madarasa ya juu ya msingi. Kiswahili ndicho lugha ambayo wengi wao huitumia wanapokutana kisimani, sokoni na uwanjani.

Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichofunguliwa mwaka 1989 kikiwa chuo kikuu cha pili cha umma nchini. Kinajulikana zaidi kwa kufundisha madaktari, lakini pia huandaa walimu wa sayansi wa sekondari.

Mtaala unadai nini?

Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala (NCDC) kilianza kutekeleza mtaala mpya wa miaka minne ya mwanzo ya sekondari mwaka 2020. Wanafunzi wa kwanza kuusoma hadi mwisho walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Fizikia, kemia na biolojia ni masomo ya lazima kwa miaka yote minne. Kiswahili nacho kimewekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya kwanza, ingawa upungufu wa walimu wa somo hilo umechelewesha utekelezaji wake.

Badala ya kumuuliza mwanafunzi anakumbuka nini, mtaala huu huuliza anaweza kufanya nini na anachokijua. Mwishoni mwa mada hupewa tatizo linalofanana na la maisha ya kila siku, kama vile kijiji chenye maji machafu au shamba lisilozaa, naye hutakiwa kulitatua kwa kutumia alichosoma. Kazi hizo pamoja na miradi ndizo zinazochangia asilimia 20 ya alama.

Serikali imejaribu pia kuvutia walimu. Tangu Julai 2022, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya umma hulipwa shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, hatua iliyozua mgomo wa walimu wa masomo ya sanaa walioachwa nyuma.

Maabara iliyo nje ya darasa

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: shule isiyo na maabara itafundishaje kwa vitendo? Eneo lenyewe linatoa sehemu ya jibu.

Ziwa Nakivale, ambalo limeyapa makazi hayo jina lake, ni sehemu ya mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivale, uliotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji ya ziwa yanayoonekana kuwa na tope ni somo tayari. Wanafunzi wanaweza kukata chupa ya plastiki, kuigeuza mdomo chini, kisha kupanga kitambaa, mkaa uliopondwa, mchanga laini, mchanga mkubwa na kokoto. Chupa ya pili hutiwa maji yaleyale na shabu kidogo, au unga wa mbegu za mlonge. Chupa ya tatu huachwa bila kitu, ili kuwe na cha kulinganishia.

Kinachotokea katika chupa ya pili kina maelezo yake. Chembe za tope katika maji huwa na chaji hasi, hivyo husukumana na kubaki zikielea. Shabu na protini za mbegu ya mlonge huwa na chaji chanya, nazo huziunganisha chembe hizo kuwa mabonge mazito yanayozama. Mwanafunzi aliyeona mabonge hayo yakishuka ana sababu ya kutaka kujua chaji ni nini. Kisha mwalimu huuliza swali gumu zaidi: je, maji haya yaliyong'aa yanafaa kunywewa? Jibu ni hapana, kwa kuwa vijidudu havionekani kwa macho. Ni lazima yachemshwe au yatibiwe kwa njia nyingine iliyothibitishwa.

Kusini zaidi, barabara itokayo Mbarara hufika Kikagate, ambako pia huandikwa Kikagati, kwenye ukingo wa mto Kagera. Hapo kuna mtambo wa umeme wa maji wa megawati 14, ambao umeme wake hugawanywa sawa kati ya Uganda na Tanzania. Marais Yoweri Museveni na Samia Suluhu Hassan waliuzindua Mei 2023. Hapo zamani palikuwa na mtambo mdogo uliohudumia machimbo ya bati, nao uliharibiwa wakati wa vita vya mwaka 1979.

Mtambo huo hutumia kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuishika mkononi. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa mara nyingi, umeme hupita katika waya huo. Dainamo ya baiskeli hufanya kazi hiyohiyo: gurudumu linazunguka, sumaku inazunguka, taa inawaka. Mwanafunzi akiendesha polepole, taa hufifia. Akiongeza kasi, hung'aa. Kinachobadilika kule Kikagate ni ukubwa wa mitambo, na kwamba anayezungusha ni maji ya mto badala ya miguu ya mtu.

Hata bati lenyewe ni somo. Mchimbaji anayeosha mchanga kwenye karai hutegemea tofauti ya uzito. Madini ya bati yana uzito wa takriban gramu 7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali mchanga wa kawaida una gramu 2.6 hivi. Maji hubeba kilicho chepesi na kuacha kizito chini. Mwanafunzi mwenye mizani, rula na kikombe chenye alama anaweza kupima mawe ya kwao na kueleza kwa nini karai hufanya kazi.

Wazo la kubuni vifaa si jipya

Afrika Mashariki imekuwa na mpango wa aina hii kwa zaidi ya robo karne. Kenya ilianza mwaka 1998 mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA. Uganda ilifuata mwaka 2005 na mpango wa SESEMAT. Yote miwili ilijengwa juu ya nguzo nne: shughuli badala ya hotuba, mwanafunzi badala ya mwalimu kuwa kitovu, jaribio badala ya maelezo matupu, na kubuni vifaa pale vya dukani visipopatikana.

Walimu waliopitia mafunzo hayo wanajua kwamba maua mengi yenye rangi kali, pamoja na choya, hutoa maji yanayobadilika rangi yanapokutana na ndimu au majivu, hivyo hutosha kuonyesha asidi na besi. Wanajua kwamba tone la iodini kwenye kipande cha muhogo huonyesha wanga. Na wanajua kwamba jiwe lililofungwa kwenye uzi hufundisha zaidi ya linavyoonekana.

Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 25, jiwe hubembea kwenda na kurudi mara kumi kwa takriban sekunde 10. Ukirefushwa hadi sentimita 100, yaani mara nne, muda huwa takriban sekunde 20, yaani mara mbili tu. Jiwe zito likibadilishwa kwa jepesi, muda haubadiliki. Wanafunzi wengi hutarajia kinyume chake, na ndiyo maana jaribio hilo lina thamani.

Mikono ikifanya kazi, je, akili nayo?

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Mwaka 2008 watafiti Ian Abrahams na Robin Millar walichapisha uchunguzi wa vipindi 25 vya sayansi kwa vitendo katika shule za Uingereza. Waligundua kwamba vipindi hivyo vilifanikiwa sana kuwafanya wanafunzi watende walichoagizwa, lakini havikufanikiwa vivyo hivyo kuwafanya wafikiri kwa kutumia mawazo ya kisayansi yaliyokusudiwa. Muda mwingi ulitumika kufuata maagizo, na muda mchache sana kuzungumzia maana ya kilichoonekana.

Matokeo hayo hayapingi vitendo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha wanafunzi wa vyuo vya sayansi, uhandisi na hisabati wanaosikiliza mihadhara tu na wale wanaoshirikishwa darasani. Waliosikiliza tu walikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi wa kufeli. Lakini kushirikishwa kulikohesabiwa humo kulihusisha kujadili, kueleza na kutatua matatizo pamoja, wala si kushika vifaa tu.

Tafiti hizo mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba jaribio hutoa kitu cha kuzungumzia, na maarifa huja katika mazungumzo. Katika Nakivale, swali linalofuata ni gumu zaidi: mazungumzo hayo yatafanyika kwa lugha gani?

Kiswahili kama kifaa cha maabara

Mtoto aliyefika juzi kutoka Kivu anaweza kuona tope likizama, akajua kwamba ameona jambo, lakini akakosa maneno ya Kiingereza ya kulieleza. Akinyamaza, mwalimu atadhani hakuelewa. Akiruhusiwa kwanza kueleza kwa Kiswahili katika kikundi, kisha kikundi kiandike kwa Kiingereza, wazo lake halitapotea njiani. Njia hii haipingani na mtihani, ambao utaendelea kuwa wa Kiingereza. Inampa mwanafunzi daraja la kuufikia.

Daraja hilo lina mbao zake zilizolegea. Kiswahili cha kila siku hutumia neno moja mahali ambapo sayansi huhitaji mawili. Tunasema nguvu tukimaanisha msukumo wa mkono, uwezo wa injini, hata kile kinachotoka kwenye chakula, ilhali Kiswahili cha sayansi hutofautisha kani na nishati. Tunasema joto kwa kile kinachotoka kwenye moto na pia kwa kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto, ambacho vitabu hukiita halijoto au jotoridi. Uzito nao mtaani hubeba maana mbili, na ndiyo sababu vitabu vikaleta neno tungamo. Mwalimu asipozitenganisha maana hizi, mwanafunzi atatafsiri neno moja vibaya na kukosea hesabu nzima.

Msamiati huo haupaswi kubuniwa upya Nakivale. Uko ng'ambo ya mto. Kutoka Kikagate, mtu huona upande wa Murongo, mkoa wa Kagera, ambako watoto wa shule za msingi za umma husoma sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa elimu ya msingi. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na tangu hapo waandishi wake wa vitabu wamelazimika kutafuta jina la kila kitu, kuanzia usanisinuru hadi msuguano. Mwalimu wa Isingiro mwenye kitabu kimoja cha sayansi cha Tanzania mezani ana kamusi tayari.

Kiswahili hakimfai kila mmoja, hata hivyo. Mtoto Msomali au Mnyankole anaweza kukimudu kidogo kuliko Kiingereza. Kinachofaa ni kupanga vikundi kwa kuangalia nani anaweza kuzungumza na nani, badala ya kuhamisha tatizo kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Swali la Mpemba

Historia ya eneo letu ina mfano wa kile kinachoweza kutokea mwanafunzi akiruhusiwa kuuliza, na kile kinachoweza kupotea akinyamazishwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba nchini Tanganyika ya wakati huo, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye wenzake wakamcheka.

Hakuacha. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni, Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alilipeleka swali maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la elimu ya fizikia, na tangu hapo jambo hilo hubeba jina la Mpemba duniani kote.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao na kusema hawakupata ushahidi thabiti wa jambo hilo. Kwa mwalimu, hilo halipunguzi uzito wa kisa hiki. Mwanafunzi anayepima maji moto na baridi leo anashiriki katika swali ambalo wanasayansi bado wanabishania.

Mahali ubunifu unapofika kikomo

Ni kosa kudhani kwamba chupa na majivu vinaweza kuchukua nafasi ya maabara moja kwa moja. Mitihani ya vitendo hudai vipimo sahihi. Mwanafunzi wa kemia hutakiwa kujua ni kiasi gani hasa cha asidi kinachomaliza nguvu ya besi, kwa kutumia mirija ya kioo yenye alama ndogondogo. Maji ya choya yatamwonyesha kwamba rangi inabadilika, lakini hayatamzoesha mkono kufungua koki na kuifunga kwa tone moja. Vivyo hivyo kwa hadubini: hakuna kitu cha sokoni kinachoweza kumwonyesha seli kwa uwazi ule.

Shule isiyo na vifaa hivyo inaweza kushirikiana na jirani iliyo navyo, kupanga zamu, au kuomba wanafunzi wa ualimu kutoka Mbarara waje na vifaa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hilo huhitaji ratiba, usafiri na makubaliano kati ya wakuu wa shule, mambo ambayo mwalimu mmoja hawezi kuyabeba peke yake.

Usalama nao si wa kubuniwa. Asidi ya betri za magari, spiriti karibu na moto, na vioo vilivyovunjika vimewajeruhi wanafunzi katika nchi nyingi. Macho yafunikwe, kiasi kiwe kidogo, maji safi yawe karibu, na jaribio lolote ambalo mwalimu hajalifanya mwenyewe kwanza lisifanywe mbele ya darasa.

Mzazi anaweza kufanya nini?

Wazazi wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawakusoma sayansi kwa Kiingereza, hawana msaada kwa mtoto. Mtaala huu unawarudisha katika nafasi yao. Mama anayejua kwa nini maharage hulowekwa, fundi baiskeli anayejua mnyororo hukatika wapi, na mkulima anayejua udongo upi hushika maji, wote wana majibu ambayo mradi wa shule unayahitaji. Mtoto akirudi na swali, mwache aeleze kwa Kiswahili alichokiona kabla ya kumuuliza jibu ni lipi. Ushauri huu unawafaa pia wazazi walioko ughaibuni, ambao watoto wao husoma kwa lugha nyingine kabisa.

Kwa familia zinazohama kutoka makazi moja kwenda mengine, kuna jambo la kuzingatia. Alama za kazi na miradi hukusanywa shuleni kabla ya mtihani wa mwisho, hivyo mwanafunzi anapohama ahakikishe rekodi zake zinahamishiwa shule mpya. Aliyesoma Kongo au Burundi na kutaka kuendelea na sekondari Uganda huhitaji vyeti vyake vilinganishwe na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB. Ni vyema kuanza hatua hiyo mapema kwa kuuliza ofisi ya mkuu wa shule, kwa sababu asiyesajiliwa hatafanya mtihani, hata kama amefaulu kusafisha maji ya ziwa zima.